Mpima Aliyekataa Kuwa Bubu

Vijiwe vilikuwa vinne. Chekundu alikiokota Mpwapwa, cheupe Bahi, cheusi kando ya reli pale Gulwe, na cha nne, cha kijivu chenye mchirizi katikati, kilitoka kwao Kondoa. Alivitunza katika kimfuko cha ngozi kilichokuwa cha timazi yake ya kupimia wima, na kila Jumamosi alasiri, kabla hata hajauliza habari za nyumbani, alivipanga mezani kwenye baraza ya nyumba yake ya serikali. Wageni walidhani ni vya kuzuia upepo. Nami nilidhani hivyo hivyo kwa miaka mitatu mizima, maana Dodoma ya mwezi wa saba si mahali pa kucheza karata nje bila kitu kizito.

Tulimwita Mpima kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya. Alipima viwanja vya mji ambao serikali ilikuwa ikiuhamia kidogo kidogo, na sijui ni mitaa mingapi ya pale iliyopita kwanza kwenye darubini yake kabla ya kuwa na jina. Mimi nilikuwa karani wa masijala katika ofisi hiyo hiyo, msichana mwenye mdomo niliyetoka Gulwe na cheti cha uchapaji. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alinikuta nimemaliza kupanga mafaili ya wiki nzima kwa herufi na kwa rangi. Alisimama akayatazama muda mrefu.

"Binti, unajua karata?"

"Najua, mzee. Arubastini."

"Hiyo sahau. Njoo Jumamosi."

Mwenzake wa zamani alikuwa amehamishiwa Dar es Salaam, na meza ilikuwa imebaki na watu watatu. Ndivyo nilivyoingia, sikuchaguliwa kwa kipaji chochote ila kwa mafaili.

Mchezo wenyewe ni briji. Asiyeujua asiogope, nitausema kwa ufupi. Mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakuelekea. Kila mmoja ana karata kumi na tatu, na kila mara wanne mkishatupa moja moja, iliyo kubwa inakula zote. Kabla ya kucheza kuna mnada: mnaahidi mtakula mara ngapi, na kama kutakuwa na turufu au hakuna. Walioahidi zaidi ndio wanaocheza ahadi yao. Na kati ya hao wawili anayecheza ni mmoja tu, yule aliyetangulia kutaja kilichonadiwa. Mwenzake analaza karata zake zote mezani, nyuso juu, halafu ananyamaza mpaka mwisho. Haruhusiwi kushauri, wala kukohoa kwa maana, wala kukunja uso. Kazi yake ni kutoa karata anayoambiwa atoe. Huyo sisi tulimwita bubu.

Mpima hakupenda kuwa bubu. Nikisema hakupenda namtetea, kwa kweli alikataa. Nikitaja kopa, yeye alikimbilia kusema bila turufu. Nikitangulia mimi kusema bila turufu, yeye aliruka kwenye pau au uru, hata kama ahadi ilikuwa inazidi kuwa ngumu, ilimradi achezaye awe yeye. Bwana Stesheni, msimamizi wa stesheni mstaafu aliyekuwa upande wa pili wa meza, alimwambia kila wiki, "Mzee, huyu binti umemleta aje akulalie karata tu?" Mwenzake, Daktari wa Mifugo, mtu wa maneno machache na yote ya uchokozi, aliongeza kwamba hata ng'ombe hupewa zamu.

Mpima alicheka na watu, na Jumamosi iliyofuata akafanya vilevile. Mimi sikucheka sana. Nilitaka siku moja, kwa hiari yake na bila kubanwa na mnada, anilazie karata zake aseme kwa kitendo kwamba ananiamini. Nilikaa na kiu hiyo miaka kumi na moja, na sioni haya kuisema.

Alijifunzia wapi briji? Sikupata kujua sawasawa. Kila nilipouliza alitaja kambi nyingine ya upimaji, mara pori la Manyoni, mara huko Singida, na kila kambi ilikuwa na mhandisi mgeni tofauti aliyemfundisha kwenye hema. Nilianza kushuku kwamba alijifunza mara nyingi. Jambo moja lilikuwa wazi: hakukubali kitu chochote kiwekwe juu ya meza isipokuwa karata, vijiwe na karanga. Mgeni mmoja alitania kwamba tuweke chochote kidogo kuchangamsha mchezo, akaambiwa kwa adabu kwamba chai iko ndani na mlango wa kutokea uko nje. Mwezi wa Ramadhani hatukucheza kabisa. Lakini huyo huyo mtu asiyetaka kamari akishindwa ahadi kwa karata moja, Jumatatu unamkuta ofisini ameichora nyuma ya ramani ya viwanja, mikono yote minne, akiitafuta njia aliyoikosa.

Siri ya vijiwe niliipata siku ya mvua. Tulihamia sebuleni, madirisha yamefungwa, hewa imetulia kabisa, naye bado alitoa kimfuko. Nilimuuliza upepo uko wapi.

"Upepo wa nini?" akasema.

Ndipo nilipomtazama vizuri. Karata za bubu hulala katika safu nne: shupaza, kopa, uru, pau. Aliweka kijiwe chekundu juu ya safu ya kwanza akatulia, na midomo ikisogea, akihesabu atakula ngapi za hakika hapo. Kisha cheupe, kisha cheusi. Cha Kondoa alikibana kiganjani, akakizungusha kwa kidole gumba, na chai yake ikapoa. Bwana Stesheni alifunga macho kama abiria aliyezoea treni kuchelewa. Mpaka kijiwe cha nne kiguse meza, hakuna karata iliyotoka. Na kikishagusa, mtu yule wa kujivuta alicheza mbio mbio, tap tap tap, hata Daktari hakupata nafasi ya kupanga zake.

"Cha mwisho unangoja nini?" nilimuuliza.

"Njia ya kurudi," alisema. "Usiniambie utakula nini. Niambie utarudi vipi."

Huo ndio uliokuwa wimbo wake, na hakuuanza mezani. Wapima wenzake walinisimulia kuhusu mwaka mmoja wa mvua kule Bahi, maji yamepanda kwenye majaruba ya mpunga. Magari mawili yalifika kwenye kijito. Mpima alishuka, akavua viatu, akavuka kwa miguu, akatembea upande wa pili robo saa nzima, akarudi akasema hapana. Vijana walimcheka. Gari la pili likavuka kishujaa, likafanya kazi mpaka saa tisa, na jioni kijito hakikuwa kijito tena. Walilala huko siku mbili na kambare wa kuchoma. Yeye alikwenda kwenye kivuko kuwapelekea chumvi kwa mtumbwi, na wanasema hakutia neno.

Hapo ndipo alipokuwa mtu wa ajabu. Ofisini alikuwa kimya. Mkuu akikosea kipimo mbele ya mkutano, Mpima hakumkatiza. Aliandika kikaratasi, akakipitisha chini ya meza. Viwanja vya mji mzima alivipima kwa sentimita, na ua wa nyumba yake ulikuwa umepinda hata mbuzi waliujua. Na mtu aliyengoja kijiwe cha nne kwa dakika tano aliamua kuoa, kwa maelezo ya mkewe mwenyewe, kati ya dukani na msikitini.

Karata zetu nazo zina habari yake. Tulikuwa na pakiti moja kwa miaka, enzi ambazo duka lilikuwa na sabuni leo na kesho halina. Mfalme wa uru alipotea, na Mpima akakata mwingine kutoka kwenye jalada la faili, akamchora kwa wino wa ramani, mfalme mzuri mwenye ndevu za Kirangi, za wazee wa kwao Kondoa. Tatizo ni kwamba mgongo wake ulikuwa wa kahawia, na wenzake wote walikuwa na migongo ya buluu. Kwa hiyo kila mchezo, sote tulijua mfalme wa uru yuko kwa nani. Tulikubaliana kwa heshima kutojua. Unaona kabisa Daktari anaye, na unapanga kana kwamba humwoni, na ukipanga vibaya hakuna anayekucheka.

Halafu biashara zikafunguliwa. Maduka ya barabara ya sokoni yakajaa vitu mpaka nje, redio, mabeseni, mitumba, na Bwana Stesheni akaja na pakiti mpya ya karata za plastiki. Zilinukia, ziliteleza, na upepo ulizipenda. Tulifurahi kama watoto. Na kwa wiki tatu tulicheza ovyo, wote wanne, hatupati ahadi hata za kitoto. Mpima ndiye aliyegundua. "Tulikuwa waongo," alisema akishika kiuno kwa kicheko. "Tulikuwa tunamwona yule mfalme." Nilicheka mpaka karanga zikanipalia. Ni kweli, heshima yetu yote ilikuwa ya mdomoni. Macho yalikuwa yakipiga chabo muda wote.

Miaka hiyo hiyo kila mtu alikuwa akijaribu jambo, naye akajaribu mahindi. Alichukua likizo akaenda Kibaigwa kununua mzigo wa lori moja auze Kondoa. Dalali akamwonyesha lori. Mpima alilizunguka mara moja, akapanda juu, akachomoa mahindi kutoka kona nne, akashuka, akaanza kulizunguka mara ya pili. Alipofika upande wa dereva alikuta mtu mwingine ameshakubaliana na dalali na injini inaunguruma. Likaja la pili, ikawa yale yale. Alirudi Dodoma na debe moja la mahindi ya kuchoma, akatugawia. "Kule hawana kijiwe cha nne," alisema, na hakulirudia jambo lile.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniuma. Ilikuwa kama mwaka wangu wa nne mezani. Mpima alipata karata mbovu, akapita kila mara, na mimi nikashinda mnada kwa kopa nne. Hakuwa na pa kukimbilia. Alilaza karata zake, akakunja mikono. Na mimi, kwa furaha, nilivitupa vijiwe vyote vinne mara moja kama mtu anayegawa sahani msibani, nikanyoosha kidole kwenye bibi wa uru ili nile upesi.

"Aa," alisema Mpima.

Ni hilo tu, lakini lilitosha. Mkono wangu ulisimama hewani, nikaona kosa langu lote, nikabadilisha karata. Bwana Stesheni aliweka zake chini taratibu.

"Mzee. Bubu ameongea."

Hakuna aliyebisha. Mchezo ule tuliufuta. Mpima alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na beseni la karanga ambazo hakuna aliyeziomba, na hakucheza tena siku ile. Aliponisindikiza langoni uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani.

"Binti, usije ukadhani sikuamini wewe. Nisiyemwamini ni mimi. Mdomo huu ofisini unanyamaza. Hapa haunyamazi."

Nilimjibu, "Haya mzee," na sikumwamini hata kidogo. Niliona ni maneno ya mtu mzima anayetafuta namna ya kutomkwaza binti. Kuanzia hapo akawa mkali zaidi katika mnada, akinadi kwa ajili ya kuchukua mchezo, na mimi nikasema moyoni, basi, haniamini. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshaupenda mchezo na, ukweli usemwe, nilikuwa nimeshampenda yeye.

Kisha ikaja barua ya kupunguzwa kazini. Walipunguzwa wengi ofisini kwetu, na nyumba za serikali zilitakiwa kurudishwa. Aliipata Ijumaa. Jumamosi alipanga vijiwe kama kawaida, akacheza ahadi ngumu tatu na kuzipata zote, na tulipokuwa tunavaa viatu ndipo alipotuambia kwamba mwisho wa mwezi anarudi Kondoa. Bwana Stesheni alivaa kiatu cha Daktari, na wote wawili hawakutambua mpaka barabarani.

Kwa miaka miwili hatukuwa na meza. Salamu zilikuja kwa watu wa basi: mzee yuko salama, mzee analima alizeti, mzee anaumwa kidogo mikono. Salamu ya mikono ilipokuja mara ya tatu mimi na Daktari tuliomba ruhusa kazini, tukapanda sisi watatu basi la Kondoa na pakiti ya karata kwenye mkoba wangu. Barabara ile ilitutikisa hata Daktari akamaliza maneno ya mwaka mzima.

Tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake, upande wa kivuli, na bonde lote la mashamba limetandazwa chini yake. Alikuwa amekonda. Mikono ilitetemeka, yote miwili, haikupumzika hata ilipolala magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mmechelewa. Meza iko wapi?"

Mkewe alileta meza, akaleta na kipande cha mti wa mninga kilichochongwa mfereji. Humo ndimo Mpima alimochomeka karata zake kumi na tatu, kwa kuwa vidole havikuweza tena kuzishika zisimame. Kimfuko cha timazi kilikuwa mezani kabla hatujakaa.

Alicheza kama zamani na alinyang'anya kama zamani. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ahadi ilikuwa yake. Mara ya nne nilifungua karata zangu nikajikuta nimenyooka mgongo: ree tatu, karata kubwa kupita zote, na mfalme juu yake.

"Moja, bila turufu," nilisema. Bwana Stesheni akapita.

Tukamtazama Mpima. Sote tulijua atasema nini. Atataja aina yake yoyote na kuuchukua mchezo. Bwana Stesheni alikuwa ameshaanza kutabasamu. Mpima aliangalia mfereji wake wa mninga muda mrefu, muda wa kijiwe cha nne, kisha akaniangalia mimi.

"Tatu. Bila turufu."

Aliifuata ahadi yangu. Ilimaanisha kula mara tisa, maana sita za kwanza hazitajwi katika mnada, na mchezaji ni mimi. Daktari akapita, nami nikapita. Bwana Stesheni akaanza kwa mbili ya shupaza. Mpima akazitoa karata zake, moja moja, zikitetemeka, akazilaza mezani, na tulipoona safu ya pau Daktari alipiga mluzi. Pau sita: mfalme, bibi, ghulamu, kumi, tisa, tano. Mtu mwenye pau kama hizo, mtu kama yeye, angeuchukua mchezo hata usingizini. Alikuwa amezilaza kwa ajili yangu.

Akanisogezea vijiwe.

Mbele yangu, kwenye shupaza, bubu alikuwa na bibi na nne. Mimi nilikuwa na ree, mfalme na tatu. Bibi angekula pale pale bure, hakuna wa kumzuia. Kidole changu kilishanyooka. Nikamtazama Mpima. Alikuwa ametazama mashambani, mkono wa kushoto mdomoni kama mtu anayewaza mvua. Hakusema aa.

Nikarudisha kidole, nikachukua kijiwe chekundu. Shupaza, tatu za hakika. Cheupe: kopa, moja. Cheusi: uru, moja. Jumla tano, na nimeahidi tisa. Nne zilizobaki ziko kwenye pau, lakini ree ya pau wanayo wao, na mkononi mwangu nina pau mbili tu. Wakiificha ree mpaka zangu ziishe, pau zile nzuri zitabaki zimelala mezani na mimi sina njia ya kuzifikia. Kijiwe cha Kondoa kilikuwa kiganjani, kina joto. Njia ya kurudi iko wapi? Nikaiona. Ilikuwa moja tu, bibi wa shupaza, yule yule niliyetaka kumtupa kwenye karata ya kwanza.

Nikakiweka kijiwe.

"Nne, mzee. Ya shupaza."

Akaitoa kwa mkono wa kulia. Nikala kwa mfalme wangu. Nikatoa pau, mfalme wa mezani akala. Daktari mwenye ree akaificha. Bibi wa pau akala, Daktari akaificha tena, akinitazama chini ya miwani. Ghulamu, na hapo ree ikamtoka. Akapiga kopa, nikala kwa ree. Kisha nikatoa ile tatu ya shupaza, kadogo kale, bibi akaipokea, na njia ikawa wazi. Pau, pau, pau. Ya nane. Ree ya uru, ya tisa. Ree ya shupaza, ya kumi.

"Treni imefika kabla ya saa," alisema Bwana Stesheni, akaweka karata zake chini.

Mpima alikuwa bado kimya, mkono mdomoni, mpaka Daktari alipomwambia, "Mzee, mchezo umekwisha. Unaruhusiwa kusema."

Akautoa mkono. "Kulikuwa na ya kumi na moja," alisema.

Tulicheka, na katika kucheka huko nikaona kidole chake cha shahada. Kilikuwa na alama za meno, zimezama, na mahali pamoja ngozi ilikuwa imepasuka. Alikuwa amekiuma tangu karata ya kwanza. Alikifuta kwenye kanzu, akavuta karata, akaanza kuzichanganya kwa mikono ile. Mimi nilivichukua vijiwe nikavirudisha kwenye kimfuko kimoja kimoja, taratibu, ili wasinione machoni.